Barua ya Guangzhou: Tano Tatu

  Huku Guangzhou joto la Agosti ndilo lile lile mnalolijua mliowahi kukaa hapa. Ukitoka kuoga unatamani kuoga tena, na mvua ikija inamwaga kama mtu amepindua pipa.

Wiki iliyopita, saa tano usiku, simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayesoma uhandisi wa elektroniki katika chuo kimoja cha hapa mjini. Hakuandika salamu wala "shikamoo mjomba" kama ilivyo kawaida yake. Aliandika tarakimu tatu tu: 555.

Mimi nilianza maisha nikiwa na chuma cha kuchomea risasi mkononi, na kwangu tarakimu hizo zina maana moja tu. Nikamjibu: "Unataka ngapi? Kesho napita Haiyin." Akanyamaza kama dakika tano. Kisha akapiga, na nilipopokea nikasikia kijana mzima wa miaka 22 analia.

Mlio na watoto wanaosoma China huenda mnalijua jambo hili, mimi sikulijua. Kwa Kichina tano ni "wu". Ukiandika 555 umeandika "wu wu wu", sauti ya mtu anayelia kwa kwikwi. Vijana wa hapa wanaandikiana hivyo kila siku kwenye simu, mara nyingi kwa utani. Rafiki yangu mmoja anayechukua mzigo Bangkok aliniambia baadaye kwamba kule tano ni "ha", kwa hiyo 555 ni kicheko. Tarakimu zile zile, nchi hii kilio, nchi ile kicheko. Kwangu mimi ni kidude cheusi chenye miguu minane, na leo nataka kuwaeleza habari za mtu aliyekibuni, maana Agosti 8 ndiyo siku aliyofariki, mwaka 2012. Lakini kwanza nimalize habari za kijana.

Alikuwa ameanguka somo la saketi za analogi. Matokeo yalitoka Julai, naye akayaficha mwezi mzima. Kila dada alipopiga kutoka Tanga kuuliza "masomo yanaendaje, mwanangu?" alijibu "vizuri, mama." Mtihani wa marudio ni mwanzoni mwa muhula, na tayari alikuwa ameamua kwamba hataufanya. "Mjomba," akaniambia, "nije tufanye wote biashara Xiaobei. Wewe huna digrii na unatulisha sote. Hizi saketi si za kwangu. Mwalimu anaongea Kichina cha haraka, ubaoni kuna alama tupu, wenzangu wanaandika, mimi natazama."

Sikumjibu kitu cha maana usiku ule. Nilimwambia ale, alale, na Jumamosi aje kwangu. Lakini mimi sikulala. Mbele ya dada yangu, mimi ndiye niliyesema, "Mlete huku, nitamtazama."

Sasa nirudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa kijana wa kufagia kibanda cha fundi redio, Ngamiani, Tanga. Mzee yule alikuwa na meza moja, chuma kimoja cha kuchomea na mita moja ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka. Kazi yetu kubwa ilikuwa redio za mkulima, redio kaseti na spika za msikiti. Siku moja akaletewa king'ora cha duka la Mhindi kilichokufa. Akakifungua, akachomoa humo kidude kidogo cheusi, akakifuta kwa shati na kuniwekea kiganjani. "Hiki," akasema, "ndicho saa isiyo na mishale."

Akachukua betri ya volti 9, rezista mbili, kapasita moja na taa nyekundu ndogo, akaviunga kwa waya juu ya kipande cha ubao. Taa ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Akabadilisha kapasita akaweka kubwa zaidi, taa ikapunguza mwendo. Akaweka ndogo, taa ikakimbia mpaka jicho likaona inawaka tu bila kuzima. Akaunga spika mahali pa taa, na ile kapasita ndogo ikapiga mluzi. Nilikaa pale mpaka maghribi. Kama kuna siku moja iliyonileta mimi Guangzhou, ni ile.

Mzee hakujua nani aliibuni chipu ile. Alijua jina lake, NE555, kwa sababu limeandikwa mgongoni. Mimi nami sikujua, wala sikuwahi kuuliza, miaka zaidi ya 20. Nilikuja kujua siku mbunifu wake alipokufa, habari ilipopita kwenye simu za watu wa elektroniki.

Aliitwa Hans Camenzind. Alizaliwa Zürich, Uswisi, mwaka 1934, na mwaka 1960 akahamia Marekani kusoma. Kwa hiyo naye alikuwa mhamiaji, kama wewe unayesoma hapa. Alisoma Boston, katika Chuo Kikuu cha Northeastern, akafanya kazi miaka kadhaa huko mashariki, kisha mwaka 1968 akahamia California na kuajiriwa na kampuni ya Signetics iliyokuwa ikitengeneza saketi jumuishi, zile ambazo mafundi wetu huziita aisii.

Hapa niwaeleze wasio mafundi. Dijitali ni lugha ya ndiyo na hapana, imewaka au imezima. Analogi ni lugha ya kiasi: sauti inayopanda na kushuka, joto la chai linalopungua taratibu, maji yanayojaa kwenye ndoo. Dunia yenyewe ni ya analogi. Simu yako unayoishika sasa inahesabu kwa dijitali, lakini maikrofoni yake, spika yake na chaji ya betri yake vinahitaji mtu anayejua analogi. Watu hao ni wachache kuliko wale wa dijitali, na kazi yao haionekani. Ndiyo maana wanapokufa, habari zao hazifiki mbali.

Mwaka 1970 uchumi wa Marekani uliyumba na kampuni za elektroniki zikapunguza watu kwa wingi. Camenzind akaacha kazi ya mshahara pale Signetics, kisha akawapelekea pendekezo: nipeni mkataba na vifaa vya kuazima, niwatengenezee chipu ya kupima muda. Wakakubali. Akaanza kufanya kazi peke yake. Hapakuwa na programu ya kompyuta ya kumchorea kama walizonazo wanafunzi leo. Alijenga saketi mezani kwa transista moja moja, akapima, akabadilisha, akapima tena. Ilipofika hatua ya mchoro wa chipu yenyewe, ulikatwa kwa mkono, kwa kisu, kwenye karatasi maalumu ya plastiki.

Kiangazi cha 1971 mchoro wake wa kwanza ulikaguliwa, wakaupitisha. Kosa hawakuliona. Mtu mwingine angeenda kulala. Siku chache baadaye likamjia wazo kwamba sehemu moja ya saketi, ile iliyokuwa ikitoa mkondo usiobadilika, inaweza kuondolewa na mahali pake pakawekwa rezista ya kawaida tu. Ikifanya hivyo, chipu inapungua kutoka miguu tisa hadi minane. Mguu mmoja ni kitu gani? Ni kitu kikubwa. Chipu ya miguu tisa ingelazimika kuwekwa kwenye ganda la miguu 14, ambalo ni kubwa na ghali. Ya miguu minane inaingia kwenye ganda dogo la bei nafuu. Basi kazi iliyokwisha kupita akairudia. Oktoba 1971 ikakaguliwa mara ya pili, ikapita, na mwaka 1972 ikaingia sokoni.

Jina la 555 alilichagua Art Fury, meneja wa masoko, aliyeamini kwamba kitu hiki kitauzwa. Ndani ya chipu kuna rezista tatu za ohm 5,000 kila moja, na mafundi wengi duniani wanaamini jina limetoka hapo. Hata mzee wangu wa Ngamiani aliniambia hivyo. Camenzind mwenyewe alisema sivyo, jina lilichaguliwa tu.

Na iliuzwa kweli. Kampuni nyingine zikaanza kuitengeneza upesi, na kufikia mwaka 2003 ilikadiriwa kwamba zaidi ya bilioni moja zinatengenezwa kila mwaka. Leo viwanda vingi vya China vinaitoa, na hapa Guangzhou bei ya moja haifiki yuan moja. Ilikuwemo kwenye vikaragosi vya watoto, ving'ora, taa za magari, mashine za viwandani. Imezidi kuishi kuliko vifaa vingi vilivyoizaa. Signetics yenyewe ilinunuliwa na Philips mwaka 1975 na jina lake halipo tena madukani, lakini 555 ipo.

Jumamosi mpwa akaja. Alikuwa amekonda. Tulikula wali na samaki, kisha nikamwambia vaa viatu twende Haiyin. Tukashuka hadi kule karibu na daraja, kwenye zile njia nyembamba za vibanda vya elektroniki ambako kila mwenye duka amekaa nyuma ya vidroo vidogo kama mfamasia. Nikamwambia: "Agiza wewe." Akaagiza kwa Kichina chake, chipu 20, rezista, kapasita, taa na ubao wa kuchomekea. Yule mama mwenye kibanda akamuuliza maswali mawili matatu ya kiufundi, naye akajibu bila kukwama. Mimi niliyekaa hapa miaka 16 sikuyaelewa yote. Nikanyamaza, lakini nikaliweka moyoni.

Tulipokuwa tunarudi kwa metro nikaamua kumweleza jambo ambalo hata mama yake halijui. Na kwa kuwa nimekwisha kumweleza yeye, nawaeleza na nyinyi.

Miaka sita iliyopita nilipeleka Tanzania mzigo wa friji gadi 400. Mnakijua kifaa hicho. Umeme ukishuka sana kinaukata, na umeme ukirudi hakiruhusu friji iwake hapo hapo. Kinasubiri dakika tatu, nne. Sababu ni hii: friji ikizimwa, gesi ndani ya kompresa inakuwa bado na presha upande mmoja. Ukiiwasha papo hapo, mota inasukuma ukuta. Inashindwa kuzunguka, inavuta umeme mwingi, inapata moto. Ikitokea mara nyingi inaungua. Ikisubiri dakika chache presha inasawazika yenyewe na mota inaanza bila taabu. Kwa mitaa yetu ambako umeme huweza kwenda na kurudi mara tatu ndani ya saa moja, kifaa hiki ndicho kinachookoa friji.

Kiwanda kidogo kilinipa sampuli. Nikaijaribu, ikasubiri vizuri. Nikalipa. Mzigo ulipokuwa tayari sikufungua hata kimoja. Nilikuwa na haraka ya kuwahi kontena, na maboksi yalikuwa yamefungwa vizuri na stika imeandikwa "dakika 3". Ukaenda.

Miezi miwili baadaye mzee wangu akapiga kutoka Tanga. Hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Akasema kuna mama jirani anauza barafu na juisi, friji yake imeungua, na friji ilikuwa imechomekwa kwenye kifaa nilichopeleka mimi. "Nimekifungua," akasema. "Ndani kuna ubao wa saketi. Kwenye ubao kuna matundu manane, mapangilio ya ile saa yetu. Matundu ni matupu. Wamepitisha waya juu yake." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, wewe hukufungua?"

Wasomaji, nimewahi kupoteza hela, nimewahi kuibiwa mzigo mzima, lakini hakuna kilichoniuma kama swali lile. Mimi ndiye niliyeonyeshwa kidude kile kiganjani. Katika watu wote wa soko, mimi ndiye niliyepaswa kufungua. Walichobana wale ni yuan moja moja na dakika chache za kazi. Kwa yule mama ilikuwa riziki yake na watoto wake.

Nilifanya nililoweza. Nilimlipia kompresa mpya na siku alizokosa kuuza. Nikamwomba mwenye duka Kariakoo azuie vilivyobaki na arudishe alivyoweza kuvifuatilia. Tulipata 310 katika 400. Hivyo 90 vilikwenda, na mpaka leo sijui viko katika nyumba za nani. Nikanunua chipu 310 pale pale Haiyin, rezista za kilo-ohm 220 na kapasita za mikrofaradi 1,000, nikavituma kwa mzee. Yeye na vijana wake wawili walikaa wiki tatu wakijaza yale matundu manane. Mzee hakutaka ujira. Alitaka saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, apime. Vingi vilikuja dakika nne na sekunde chache, vingine dakika nne na nusu kwa sababu kapasita hazilingani. Alikubali vyote vinavyozidi dakika tatu.

Ni katika simu za wiki zile ndipo nilipomweleza kwamba aliyebuni 555 ameshafariki, kwamba aliitwa Camenzind, Mswisi aliyehamia California. Mzee akaniuliza swali moja tu: "Ameacha nani wa kuirithi kazi?" Nikamwambia ameacha kitabu. Na ni kweli. Mwaka 2005 Camenzind aliandika kitabu cha namna ya kusanifu chipu za analogi, akakiweka kwenye intaneti bure, yeyote akichukue. Mzee akasema, "Basi ni fundi kweli. Fundi anayeficha ufundi wake amekufa mara mbili." Mzee mwenyewe alifariki mwaka jana. Nilimzika kwa kutazama simu, nimesimama kwenye ngazi za jengo Xiaobei, mtandao ukikatika kila mara.

Mpwa alisikiliza yote haya bila kusema neno. Tulipofika nyumbani nikafagia vyombo mezani, nikamwambia: "Jenga friji gadi. Nataka dakika nne." Akashika rezista ya kilo-ohm 220 na kapasita ya mikrofaradi 1,000, akaviunga, akaanza kutafuta kwenye daftari lake. Nikamwambia haina haja ya daftari. Mzee alinifundisha: zidisha rezista kwa kapasita, kisha zidisha kwa 1.1. Unapata sekunde 242. Dakika nne na sekunde mbili.

Akanitazama. "Mjomba, kwa nini 1.1?"

Nikamwambia ndivyo ilivyo. Mzee alisema 1.1.

Akavuta karatasi. Sijui wangapi mmewahi kumwona kijana wenu akisahau kwamba mko chumbani. Alichora ile kapasita kama ndoo inayojaa, haraka mwanzoni na polepole mwishoni. Akachora zile rezista tatu za ohm 5,000 zinazoukata umeme mafungu matatu yaliyo sawa. Akasema: chipu inangoja ndoo ifike theluthi mbili, hapo inageuka. Ukihesabu muda wa ndoo kufika theluthi mbili, unapata logi asilia ya 3. Akabonyeza simu yake, akanionyesha: 1.0986. "Mjomba, hii ndiyo 1.1 yenu. Mmeikadiria."

Nimeitumia namba ile zaidi ya miaka 30. Mzee wangu aliitumia mpaka anaingia kaburini. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua ilikotoka. Nilijua jinsi, sikujua kwa nini. Na huyu aliyeanguka mtihani, ambaye hizi saketi si za kwake, amenieleza kwa dakika saba juu ya karatasi ya kufungia maandazi.

Nikamwambia asimamishe kwanza, tujaribu jambo jingine. Tukawasha kwa volti 6, tukapima muda. Tukawasha kwa volti 12, tukapima. Muda ulikuwa karibu ule ule. Akacheka, kicheko cha kwanza tangu aje. "Ni kwa sababu ya mafungu," akasema. "Umeme ukipanda, ndoo inajaa kwa nguvu zaidi lakini na alama ya theluthi mbili inapanda nayo. Ukishuka, vyote vinashuka. Hakupima kwa volti, alipima kwa sehemu." Nikafikiri juu ya umeme wa kwetu unaopanda na kushuka, na yule mtu California mwaka 1971 ambaye huenda hakuwahi kuifikiria Tanga hata siku moja, na kazi yake ikaifaa Tanga kuliko vingi vilivyotengenezwa kwa ajili yetu.

Kisha nikamwambia kuhusu ule ukaguzi wa kwanza. Kwamba 555 tunayoijua ni ya mara ya pili. Ya kwanza ilipita, na bado mwenyewe akairudia kwa sababu aliona inaweza kuwa bora kwa mguu mmoja. Hata uzeeni hakuiona kuwa imekamilika. Aliisanifu upya kwa ajili ya kampuni ya Zetex, toleo linalofanya kazi hata kwa volti 0.9, chini ya betri moja ndogo ya tochi. Yule aliyebuni kitu kinachotengenezwa kwa mabilioni hakuona haya kurudia. Sasa wewe unaona haya ya nini?

Akasema, "Si mtihani, mjomba. Ni mama."

Hapo ndipo nilipoelewa. Marudio hayakumtisha, kilichomtisha ni kufungua boksi mbele ya mama yake. Na mimi, wa kumshauri nani? Mimi ambaye kwa miaka sita nimemficha dada yangu habari za friji gadi, wakati anaishi mtaa wa pili tu kutoka kwa yule mama wa barafu.

Tukakubaliana. Yeye atampigia mama yake na kumweleza habari za matokeo, na nikishamsikia amemaliza, anipe simu nami nimweleze yangu. Jumapili asubuhi tukafanya hivyo. Siwezi kuandika hapa yote dada aliyoyasema, kwa kuwa gazeti hili linasomwa na watoto. Alimgombeza mwanawe dakika mbili, kisha akamuuliza kama anakula. Mimi alinigombeza zaidi. Halafu akasema kwamba habari za friji alikuwa anazijua. Mzee alimwambia zamani, akamwomba asiniulize mpaka nitakapomwambia mwenyewe.

Mtihani wa marudio ni wiki tatu kutoka leo. Sijui kama atapita. Kila jioni anasoma kile kitabu cha Camenzind, na kila Jumamosi anakuja tunajenga kitu mezani, na ananieleza kwa Kiswahili kile alichofundishwa kwa Kichina. Anasema akiweza kunieleza mimi nikaelewa, anajua kwamba ameelewa. Mimi nami nimeanza kujua sababu za mambo niliyoyafanya maisha yangu yote.

Wanafunzi mnaosoma barua hii, hasa mnaosoma kwa lugha ya kigeni: somo kutoingia kwa Kichina au kwa Kijerumani haina maana kwamba haliingii. Lilete mezani, lishike kwa mkono, lieleze kwa lugha ya mama yako. Wafanyabiashara wenzangu, fungueni maboksi. Moja katika kila kumi, fungueni. Na wazazi mlioko nyumbani au ugenini, mtoto akijibu "vizuri" kila siku kwa sauti ile ile, ulizeni mara ya pili.

Na ukipokea 555 kwenye simu yako usiku, usifanye haraka ya kujibu kama nilivyofanya mimi. Piga.

Wasalaam, mpaka barua ijayo.